Kutoka Mwanjelwa hadi The Mall: mkazi mgeni na shughuli za kifalme za Uingereza

Kila mwaka watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanakwenda Uingereza kusoma, kuuguza wagonjwa au kutunza wazee, na wakishazoea baridi na mabasi wanaanza kuulizana: hivi na sisi tunaruhusiwa kwenda kumwona Mfalme? Mnaruhusiwa. Baadhi ya shughuli zake kubwa hufanyika barabarani, na pale barabarani hakuna anayekuuliza pasipoti. Kinachowakosesha wengi ni kalenda. Maombi ya tiketi za Juni hupokelewa miezi ya mwanzo ya mwaka, nao wanaanza kuulizia mwezi wa tano, wakati mabango yameshabandikwa na viti vimeshagawiwa.

Kabla ya kupanga chochote, jua shughuli unayoitaka iko fungu gani. Kuna za wazi, ambazo unafika tu na kusimama. Kuna za tiketi, ambazo unaomba mapema na mara nyingi wanaopata huchaguliwa kwa droo. Halafu kuna za mwaliko, ambazo huombi wewe, bali mtu mwingine anapeleka jina lako. Anayekuuzia mwaliko wa fungu hili la tatu ni tapeli, hata kama kadi yake ina nembo ya taji. Mialiko ya Kasri haiuzwi, na iliyoandikwa jina la mtu mmoja haiingizi mwingine.

Nguo ishonwe kabla hujapanda ndege

Kushonesha Uingereza ni ghali, na fundi anayejua kukata kitenge hapatikani kila mji. Kwa hiyo kama una hakika utakaa mwaka mzima, ondoka na nguo moja ya heshima iliyoshonwa nyumbani. Karibu shughuli zote za kifalme zenye masharti ya mavazi zinakubali vazi la asili la nchi ya mgeni, mwanamke kwa mwanamume. Hapo kitenge chako kinakuondolea gharama ya kukodi vitu ambavyo hutavivaa tena maishani.

Nunua pisi nzima ya yadi 6, soko la Mwanjelwa pale Mbeya au soko kuu la Iringa, ya pamba nzito. Yadi 4 zinatosha gauni refu lenye mikono, yadi 1 na nusu ni kilemba, na kinachobaki kihifadhi kwa kiraka. Kabla fundi hajagusa mkasi, loweka kitambaa usiku kucha kwenye maji ya chumvi, kikaushe kivulini, kipigwe pasi. Wengi wanaruka hatua hii, halafu mvua ya London inawaumbua: kitenge ambacho hakijalowekwa kinaruka kiuno, na rangi yake inachuja kwenye bitana nyeupe mbele ya watu. Mwambie fundi aache nafasi ya fulana ya kubana ndani, hasa makwapani na mikononi. Juni ya London si Juni ya Makete, hakuna umande unaoganda, ila unaweza kuanza siku na jua kali ukaimaliza na upepo wa mvua.

Viatu viwe na kisigino kipana. Shughuli nyingi ziko juu ya majani, na kisigino chembamba kinazama kwenye udongo laini kama kigingi. Utakuwa unajing'oa kila hatua tatu.

Wanaume wavae suti kamili, tai, na soksi zinazofunika kifundo cha mguu. Soksi hapa si mzaha. Kwenye baadhi ya majukwaa ya mbio za farasi za Royal Ascot zimeandikwa kwenye kanuni. Kaunda suti kwetu ni nguo ya mzee wa heshima, anaingia nayo kanisani na bungeni, lakini mlinzi wa mlango ule anatafuta tai. Ukitaka kuingia nayo kama vazi la nchi yako, waandikie waandaaji mapema na utembee na jibu lao.

Trooping the Colour: Jumamosi moja ya Juni

Hii ndiyo kubwa kuliko zote za wazi. Ni gwaride la siku rasmi ya kuzaliwa Mfalme. Charles mwenyewe alizaliwa Novemba 14, 1948, lakini sherehe huwekwa Juni kwa ajili ya hali ya hewa, desturi iliyotokana na Mfalme Edward wa Saba, naye mtoto wa Novemba. Gwaride hili limeunganishwa na siku ya kuzaliwa ya mtawala tangu 1748. Hushirikisha askari zaidi ya 1,400, farasi kama 200 na wanamuziki kama 400, na linafanyika kwenye uwanja wa Horse Guards, kwa kawaida Jumamosi ya pili au ya tatu ya Juni.

Viti vya uwanjani hupatikana kwa droo kwenye tovuti ya kikosi cha walinzi wa Mfalme. Weka alama kwenye simu tarehe 1 Januari uanze kuchungulia tovuti hiyo kila wiki. Ukikosa siku yenyewe, bado kuna magwaride mawili ya mazoezi, Jumamosi mbili zinazotangulia. Askari ni walewale, farasi walewale, muziki uleule. Anayekosekana ni Mfalme. Kwa mtu mwenye watoto wadogo, au anayetaka picha bila kusukumwa, zoezi la kwanza lina nafuu kuliko siku yenyewe.

Usipopata kiti chochote, nenda The Mall, barabara nyekundu inayotoka Kasri la Buckingham. Hapo ni bure. Msafara wa Mfalme hutoka kasrini karibu saa 5 kasorobo asubuhi, gwaride linaanza saa 5 kamili, na ndege za kijeshi hupita juu ya kasri kama saa 7 mchana. Saa hizi ni za London, ila zimehesabiwa kwa Kiswahili. Kwenye tiketi na mabango utakuta 11.00, na kuna watu waliofika jioni kwa sababu ndugu aliwatumia ujumbe wa "saa kumi na moja". Ukipanga na Watanzania wenzako, andika namba kama ilivyo kwenye tiketi na uongeze "asubuhi".

Uwe umeshasimama saa 3 asubuhi. Anayetaka kushika chuma cha mbele awahi zaidi. Amua mapema unataka kuona nini, maana huwezi kupata vyote. Anayesimama katikati ya The Mall anaona farasi na magari ya kukokotwa yakipita karibu, mara mbili, kwenda na kurudi. Anayesimama pembeni ya bustani ya St James's, upande unaotazama uwanja wa Horse Guards, anaona kipande cha gwaride lenyewe kwa mbali. Anayetaka kuona familia ikitoka roshani asubiri msafara urudi. Polisi hufungua barabara na kuusogeza umati polepole kuelekea kasrini nyuma yao. Usikimbie. Ukikimbia unazuiwa, na walio nyuma yako ndio watakaofika mbele.

Beba maji kwenye chupa ya plastiki, chakula kisichochafua mikono, betri ya akiba ya simu na koti jepesi la mvua. Mwavuli uache nyumbani. Ukiufungua kwenye umati, waliosimama nyuma hawaoni kitu, na utanuniwa kimyakimya kwa namna ambayo Waingereza pekee wanaiweza. Choo nenda kabla hujashika nafasi, kwani ukitoka mstari wa mbele haupo tena. Joto nalo lisikudanganye: Juni 10, 2023, kwenye moja ya mazoezi hayo, hali ilikaribia nyuzi 30 na askari kadhaa walizimia wakiwa ndani ya koti za sufu na kofia za manyoya ya dubu. Mtu wa Uporoto au Mufindi ambaye hajazoea kusimama juu ya lami yenye joto kwa saa tano anapaswa kunywa maji kabla hajasikia kiu.

Mkikaa bila kazi mkisubiri, hesabuni vifungo. Walinzi wa miguu ni vikosi vitano na wote wanavaa koti jekundu, ila vifungo vya kifuani vinawatofautisha. Grenadier vifungo vyao vimepangwa kimojakimoja, Coldstream viwiliviwili, Scots vitatuvitatu, Irish vinnevinne, Welsh vitanovitano. Ukiwa mbali huvioni, tazama shungi kwenye kofia: Grenadier nyeupe kushoto, Coldstream nyekundu kulia, Irish ya buluu kulia, Welsh nyeupe na kijani kushoto, na Scots hawana kabisa. Mtoto akifundishwa hilo anatulia saa nzima.

Kubadilishana lindo, kwa mgeni wa siku mbili

Mzazi aliyetoka Tukuyu kuja kwenye mahafali ya mwanawe hana muda wa kungoja Juni. Mpeleke kuona walinzi wakibadilishana zamu Kasri la Buckingham, kwa kawaida Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili, saa 5 asubuhi, kwa dakika kama 45. Hakuna tiketi. Mvua kubwa ikinyesha huenda ikafutwa, hivyo soma ratiba asubuhi ileile, usitegemee ya wiki iliyopita. Kosa la kawaida ni kufika saa 5 kamili: lindo la zamani linakuwa limeshatoka kasri la St James's na lindo jipya limeshaondoka kambi ya Wellington, na wewe unaona migongo ya watalii. Fika saa 4 na robo. Ngazi za mnara wa Malkia Victoria zinakupa urefu wa kuona njia zote, lakini ndani ya uzio huoni vizuri. Kwenye uzio ni kinyume chake. Pochi ikae mbele, kwani wezi wa mifukoni wanaijua ratiba hii kuliko wewe.

Mzee asiyeweza kusimama muda mrefu atapenda zaidi Horse Guards: wapanda farasi wanabadilishana kila siku saa 5 asubuhi, Jumapili saa 4, na umati ni mdogo.

Ipo pia sherehe ya kufunga malango ya Mnara wa London kila usiku, ambayo imeendelea kwa zaidi ya miaka 700. Mlinzi mkuu hutoka na taa na funguo saa 3 na dakika 53 usiku. Tiketi ni za ada ndogo, chache mno, na huisha mapema sana. Aliyechelewa mlango hafunguliwi.

Windsor na Ascot

Wiki hizohizo za Juni kuna mambo mawili nje ya London. Jumatatu ya wiki ya Royal Ascot hufanyika maandamano ya Garter ndani ya ngome ya Windsor. Ni mfalme na wanachama wa jumuiya ya heshima iliyoanzishwa 1348, wakishuka kwa miguu na majoho ya mahameli hadi kanisa la St George. Watazamaji wa ndani ya ngome wanahitaji tiketi zilizoombwa mwanzoni mwa mwaka. Treni ya moja kwa moja inatoka Waterloo na inachukua karibu saa moja.

Kesho yake, Jumanne, zinaanza mbio za farasi za Royal Ascot, siku tano hadi Jumamosi, zilizoasisiwa na Malkia Anne 1711. Saa 8 mchana magari ya kifalme ya farasi hupita uwanjani. Tiketi za majukwaa ya kawaida hununuliwa na yeyote. Jukwaa la Royal Enclosure ni la wanachama na wageni wao, na hapo kanuni za mavazi zinapimwa kwa rula: mwanamke gauni lisipande juu sana ya goti, kamba za mabegani zisipungue inchi 1, na kichwani kofia au pambo lenye kitako kigumu cha inchi 4. Wageni wa ng'ambo wanakaribishwa na vazi rasmi la nchi zao. Hapo ndipo ile yadi 1 na nusu ya kilemba inapolipa gharama yake. Kifunge kikae imara bila pini zinazoonekana, kisiwe mnara. Uwanja wa Ascot una upepo.

Kamari ipo kila kona. Ukitaka kujaribu, tenga pauni 10 na uzihesabu kama nauli iliyokwenda.

Karamu ya bustani: jina lako linapelekwa na mwingine

Kila mwaka kuna karamu za bustani Kasri la Buckingham mwezi Mei, na nyingine Holyroodhouse, Edinburgh, karibu na Julai. Kila moja hualika watu wapatao 8,000. Majina hutoka kwa wawakilishi wa Mfalme katika kaunti, wizara, majeshi, mashirika ya hisani na balozi. Lengo ni kuwashukuru wanaotumikia jamii. Ukijiombea mwenyewe, barua yako haifiki popote.

Kwa mkazi mgeni kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni kazi yako kuonekana. Muuguzi anayejitolea Jumamosi kwenye ghala la chakula, au mwalimu wa kwaya ya kanisa inayohudumia wazee, anaweza kupendekezwa na taasisi anayoitumikia. Asubiri apendekezwe, ila si vibaya kiongozi wa taasisi akumbushwe kwamba utaratibu huo upo. Muulize pia mapema kama mtu mwenye uraia wako anapita kwa mlango wake au apelekwe ubalozini. Ya pili ni ubalozi wenyewe: jiandikishe kwenye Ubalozi wa Tanzania London mara ufikapo, na uwe mtu wa kuonekana kwenye jumuiya ya Watanzania. Jina lisilojulikana ubalozini halipelekwi popote.

Ukipata kadi, isome mara tatu. Jina liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Watu wa kwetu wanaotumia jina la baba leo na la ukoo kesho wanakwama hapa. Mlangoni unatakiwa kitambulisho chenye picha, na vile vitambulisho vya plastiki vya ukaazi viliondolewa mwisho wa 2024. Hadhi yako sasa iko mtandaoni, na picha ya skrini ya simu haitoshi. Njoo na pasipoti. Kama unaogopa kuizungusha mjini na una kibali cha kuishi kule angalau siku 185, unaweza kuomba leseni ya udereva ya mwanafunzi kwa pauni 34 mtandaoni. Ina picha na anwani, na ikipotea huchanganyikiwi kama kupoteza pasipoti.

Malango hufunguliwa saa 9 alasiri. Wenye haraka hukimbilia hema la chai, wenye akili hutembea bustani kwanza kukiwa bado na nafasi. Saa 10 kamili unapigwa wimbo wa taifa, Mfalme na Malkia wanashuka, na walinzi wa mavazi ya kale wanafungua njia katikati ya watu. Anayetaka kuonekana asimame mstari wa mbele wa njia hizo, maana maofisa hupita mbele wakichagua wa kutambulishwa na kuwauliza wanafanya kazi gani. Jibu kwa sentensi moja: "Ninauguza wagonjwa Leeds, nimetoka Mbeya, Tanzania." Ukianza historia ndefu, ofisa anakushukuru na kusogea. Sandwichi ni ndogo na hazina maganda, kula mchana nyumbani.

Salamu

Hakuna sheria inayokulazimisha kuinama mbele ya Mfalme. Anayetaka kufuata desturi: mwanamume ainamishe kichwa tu, kuanzia shingoni, bila kukunja kiuno. Mwanamke apeleke mguu mmoja nyuma ya mwingine, alegeze magoti kidogo, mgongo ukiwa wima, kisha ainuke. Mama aliyelelewa Rungwe au Kilolo akipiga goti hadi chini kwa mkubwa mwili unafanya wenyewe, na hapo ndipo pa kujizuia: kule goti likigusa ardhi watu wanadhani umeanguka. Mkono usinyooshe wewe kwanza. Ukipewa, upokee kwa wepesi na uuachie; ile yetu ya kushikana mpaka habari za nyumbani ziishe haifai. Mara ya kwanza mwite "Your Majesty", baada ya hapo "Sir". Kwa Malkia ni "Ma'am", na sauti ya katikati iwe fupi, kama "mam", usiivute.

Wimbo wa taifa ukipigwa simama wima, mwanamume avue kofia. Kuimba si lazima.

Za baridi

Jumapili ya pili ya Novemba, saa 5 asubuhi, Mfalme anaongoza kumbukumbu ya waliokufa vitani kwenye mnara wa Cenotaph, barabara ya Whitehall. Ni bure, fika saa 2 asubuhi na makoti mawili. Vaa ua jekundu la karatasi linalopatikana kwa mchango mdogo madukani. Mabalozi wa Jumuiya ya Madola huweka mashada, wa Tanzania akiwemo, na mtu wa Iringa anayejua makaburi ya vita ya pale mjini hatahitaji kuelezwa hiyo ni shughuli ya nani. Dakika mbili za kimya ni kimya kweli: zima simu, usiiweke kwenye mtetemo.

Jumatatu ya pili ya Machi kuna ibada ya Jumuiya ya Madola, Westminster Abbey. Ndani ni kwa waalikwa, nje unaweza kuwaona wakiingia. Alhamisi Kuu, Mfalme hugawa sarafu za Maundy kwa wazee, wanaume na wanawake, idadi ya kila upande ikilingana na umri wake. Mara nyingi kanisa kuu hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo aliye mbali na London afuatilie, huenda zamu ikafika mjini kwake. Krismasi familia hutembea kwenda kanisani Sandringham, Norfolk, na watu husimama njiani kuwasalimu, lakini tarehe 25 Desemba treni hazitembei. Bila gari la rafiki, usijaribu.

Ukitaka kuwaonyesha nyumbani moja kwa moja kwa simu, kumbuka kuwa kiangazi London iko nyuma yetu kwa saa 2, na baridi ni saa 3. Ndege za Juni zinapopita saa 7 mchana wa kule, Mbeya ni saa 9 alasiri. Mtandao wa The Mall huelemewa na umati kuanzia saa 4 asubuhi, kwa hiyo rekodi kwanza, utume ukishafika kituo cha treni.